Kivuli cha Tumbo na Figo

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Usemi huu ni wa kweli, lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kwa hiari yake. Mwili wenyewe ndio uyafichao. Kidonda cha mguu huonekana na kila mpita njia. Kidonda cha tumbo, kijiwe cha figo na uvimbe wa utumbo hukaa mahali ambapo jicho la mgonjwa, la jamaa zake na la tabibu wake haliwezi kufika. Kwa karne nyingi tabibu aliyeitwa kwa mgonjwa wa tumbo alikuwa na mikono ya kupapasa, masikio ya kusikiliza, na chupa ya mkojo ya kutazama rangi yake. Yaliyosalia aliyakisia. Kisu kiliweza kuonyesha ukweli, lakini aghalabu kiliuonyesha baada ya mtu kufa.

Insha hii yataka kueleza jinsi kiza kile kilivyoondolewa kidogo kidogo katika sehemu mbili za mwili: njia ya chakula, tangu koo hata utumbo mpana, na njia ya mkojo, tangu figo hata kibofu. Habari za eksirei ya mifupa zimesimuliwa mara nyingi, na si vigumu kuzisimulia, kwa kuwa mfupa hujionyesha wenyewe. Tumbo na figo hazijionyeshi. Ili zionekane ilibidi kitu kigeni kitiwe ndani ya mwili wa mtu aliye hai, na kitu hicho kiliweza kumdhuru. Kwa hiyo historia hii ni historia ya deni pia. Kila picha iliyopatikana ilikopwa katika mwili wa mtu fulani, na swali lililowakabili waganga siku zote lilikuwa ni kiasi gani kinafaa kukopwa, na kwa idhini ya nani.

Mkopo mmoja mashuhuri ulitangulia eksirei kwa miaka zaidi ya 70. Tarehe 6 Juni, 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi Alexis St. Martin, kijana Mkanada aliyekuwa mchukuzi katika biashara ya ngozi za wanyama. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini jeraha halikufunga kabisa. Lilibakiza tundu ubavuni lililofika tumboni. Beaumont akaligeuza tundu lile kuwa dirisha. Alifunga vipande vya nyama na mkate katika uzi wa hariri, akavitumbukiza ndani, kisha akavivuta baada ya muda kuona vilivyoyeyuka. Kitabu chake cha mwaka wa 1833, chenye habari za majaribio zaidi ya 200, kiliuthibitishia ulimwengu kwamba maji ya tumbo huyeyusha chakula kwa nguvu yake yenyewe, hata nje ya mwili. Walakini St. Martin alikuwa fukara asiyejua kusoma, na kwa muda mrefu alikuwa mtumishi wa mtu yule yule aliyekuwa akimchungulia. Alipokufa mwaka wa 1880, jamaa zake waliuacha mwili wake uoze kwanza, ndipo wakauzika katika kaburi la kina kirefu, ili waganga wasiupate. Hawakuandika kitabu, lakini kitendo chao kilisema wazi kwamba waliona marehemu ametazamwa vya kutosha.

Mwaka wa 1895, tarehe 8 Novemba, Wilhelm Röntgen, profesa wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi isiyoonekana iliyopenya karatasi, mbao na nyama. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana. Alikataa kuchukua hataza juu ya ugunduzi huo, naye akapewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1901. Kwa kuwa hakuufungia mlango, kila mwenye mtambo wa umeme wa kufaa aliweza kujaribu. Mwaka wa 1896 John Macintyre, daktari wa Glasgow, alipiga picha ya kijiwe ndani ya figo, na nyingine ya sarafu iliyokwama kooni mwa mtoto.

Kijiwe na sarafu ni vitu vigumu. Figo yenyewe iliyobeba kijiwe, na koo lenyewe lililomeza sarafu, havikuonekana ila kama ukungu. Sababu yake ni hii. Mionzi ya eksirei huzuiwa zaidi na atomu nzito kuliko na atomu nyepesi. Mfupa una kalsiamu, ambayo atomu yake ni nzito kuliko zile za maji, kwa hiyo mfupa hutupa kivuli. Lakini ukuta wa tumbo, ini, figo, damu na mkojo, vyote kwa sehemu kubwa ni maji, na mionzi huvipita karibu kwa namna moja. Kutafuta utumbo katika picha ya namna hiyo ni kama kutafuta kipande cha barafu ndani ya bilauri ya maji safi. Palihitajika kitu kizito cha kuutenga utumbo na majirani zake.

Aliyeonyesha njia alikuwa mwanafunzi. Walter Cannon alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo cha utabibu cha Harvard, mwaka wa 1896, mwalimu wake Henry Bowditch alipompa kazi ya kuchunguza kumeza kwa kutumia mionzi mipya. Mwezi wa Disemba Cannon na mwenzake walimtazama mbwa akimeza kifungo cha lulu, wakaona kifungo kikishuka hata tumboni. Kisha wakamtumia bata bukini, ambaye shingo yake ndefu ilifaa sana. Baadaye akaja paka. Chakula cha paka kilichanganywa na unga wa bismathi, metali nzito, na tumbo zima likajichora kwa wino mweusi juu ya kiwambo king'aacho. Cannon aliweka karatasi nyembamba juu ya kiwambo, akafuatisha kwa kalamu mawimbi ya tumbo yalivyopita moja baada ya jingine. Aliyachapisha matokeo mwaka wa 1898.

Katika kazi hiyo liliingia jambo ambalo halikutafutwa. Paka alipokasirika au kuogopa, mawimbi yalisimama ghafula. Alipotulizwa, yalianza tena. Kumbe hofu na hasira hazikai moyoni tu kama washairi wasemavyo, bali hushuka hata tumboni na kulizuia kazi yake. Kutokana na vivuli vile Cannon alifika kwenye uchunguzi wa athari za hofu na ghadhabu mwilini, uliompa sifa duniani kote. Lakini naye alilipa. Katika siku zile mtazamaji alisimama karibu na mtambo saa nyingi bila kinga, na ngozi ya Cannon ilimsumbua kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka wa 1945. Waandishi wa maisha yake wameyahusisha maradhi hayo na mionzi ya ujana wake.

Kutoka kwa paka hata kwa binadamu ni hatua moja, nayo ilipigwa vizuri zaidi mjini Munich. Mwaka wa 1904 Hermann Rieder alieleza namna ya kumlisha mgonjwa uji uliotiwa bismathi kwa wingi, kisha kumpiga picha kwa saa kadhaa mpaka uji ule upite. Waganga wengi waliiga. Lakini bismathi iliyotumiwa ilikuwa chumvi yenye naitreti, na vijidudu vya utumbo viliweza kuibadili naitreti hiyo kuwa sumu inayoinyima damu uwezo wa kubeba hewa safi. Baadhi ya wagonjwa, watoto miongoni mwao, waligeuka rangi ya samawati midomoni na vidoleni, na wengine wakafa. Walikuja kutazamwa ugonjwa wao. Wakauawa na kutazamwa.

Badala yake ilipatikana Bonn. Mwaka wa 1910 Carl Bachem na Hans Günther walipendekeza salfeti ya bariamu. Pendekezo hili lilihitaji ujasiri, kwa maana chumvi nyingine za bariamu ni sumu kali inayoharibu mapigo ya moyo. Lakini salfeti ina tabia yake: haiyeyuki majini, wala haiyeyuki katika maji makali ya tumbo. Kisichoyeyuka hakiingii damuni. Hupita njia yote kama mgeni asiyefungua mzigo wake, kikatoka kama kilivyoingia. Isitoshe, kilikuwa rahisi kwa bei kuliko bismathi. Tangu mwaka ule mpaka leo uji mweupe wa bariamu, mzito na wenye ladha ya chokaa, umenyweshwa wagonjwa wasiohesabika, na kwa kuchunguza utumbo mpana hupitishwa njia ya haja kubwa. Hatari iliyosalia ilikuwa ya kibinadamu. Palitokea mauti pale ambapo mtoa dawa, kwa kukosea jina, alitoa chumvi nyingine ya bariamu badala ya salfeti. Tofauti baina ya picha na jeneza ilikuwa neno moja katika kibandiko cha chupa.

Uji wa bariamu ulipojaa tumboni ulionyesha umbo la nje la mfuko, lakini ulifunika mikunjo ya ndani. Mwaka wa 1923 Mjerumani aitwaye A. W. Fischer alieleza ufundi wa kupaka ukuta wa utumbo mpana bariamu kidogo, kisha kuujaza hewa. Hapo ukuta ulionekana kama kuta za hema lililotandazwa vizuri, na hata uvimbe mdogo uliweza kutambulikana. Mwaka ule ule wa 1923, mwezi wa Februari, Röntgen alifariki mjini Munich, na ugonjwa uliomwua ulikuwa saratani ya utumbo. Msomaji asitafute fumbo katika sadfa hii. Lakini inafaa kutukumbusha kwamba kuona na kuponya ni mambo mawili. Wajapani, ambao saratani ya tumbo iliwaua kwa wingi, waliuendeleza ufundi huu wa hewa na bariamu katika miaka ya 1950 na 1960 hata wakaweza kuiona saratani ikingali changa, kabla haijapenya chini ya utando wa ndani. Hapo ndipo kuona kulipoanza kukaribiana na kuponya.

Sasa tugeukie figo. Njia ya chakula ina milango miwili iliyo wazi, na mtu aweza kulishwa kivuli kama alishwavyo ugali. Figo hazina mlango wa namna hiyo. Zimelala nyuma ya tumbo, na mkojo wake hushuka kwa mirija miwili myembamba hata kibofuni. Waganga wa kwanza walipanda ngazi kinyume: walipitisha mpira mwembamba kibofuni, wakaupenyeza katika mrija wa figo, wakasukuma dawa kwenda juu. Mwaka wa 1906, mjini Heidelberg, Friedrich Voelcker na Alexander von Lichtenberg walitumia fedha iliyosagwa mno hata ikaelea majini bila kuzama. Picha walizopata zilikuwa za kwanza kuonyesha wazi vikombe vya ndani ya figo. Lakini fedha ile iliposukumwa kwa nguvu iliingia katika nyama ya figo yenyewe, na wagonjwa kadhaa waliaga dunia. Ilifahamika basi kwamba mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba na wenye hatari. Ilifaa kupatikana dawa ambayo figo zenyewe zingeichuja kutoka damuni na kujichora kwa hiari yake.

Dokezo lilitoka kwa wagonjwa wa kaswende. Katika hospitali ya Mayo, Marekani, wagonjwa hao walipewa chumvi ya aidini kwa wingi kama tiba. Nayo aidini ni ile dawa ya rangi ya hudhurungi ipakwayo vidondani, ambayo atomu yake ni nzito. Mwaka wa 1923 Earl Osborne na wenzake walitangaza kwamba mkojo wa wagonjwa hao ulionekana katika picha ya eksirei. Kivuli kilikuwa hafifu, na kipimo cha kutosha kilikuwa karibu mno na sumu. Ilibidi aidini ifungwe ndani ya kitu kingine kitakachoifikisha figoni bila kuiachia njiani.

Kitu hicho kilikuwa kimekwisha kutengenezwa, lakini kwa ajili ya ng'ombe. Mjini Berlin wanakemia Arthur Binz na Curt Räth, wa chuo cha kilimo, walikuwa wakitafuta dawa ya maambukizo ya kiwele, na baadhi ya dawa zao zilikuwa na aidini. Moses Swick, daktari kijana kutoka New York, alikuwa Ujerumani kwa msaada wa masomo. Alipokuwa katika hospitali ya Altona, karibu na Hamburg, aliona kwamba dawa za namna hii zilitoka kwa wingi katika mkojo, akawaza kwamba zingeweza kuonyesha figo. Alihamia Berlin, katika hospitali ya Mtakatifu Hedwig, kwa yule yule von Lichtenberg wa Heidelberg, na huko, mwaka wa 1929, dawa iliyopewa jina la Uroselectan ilipigwa sindano katika mshipa wa mkono. Baada ya dakika chache figo zote mbili, mirija yake na kibofu vilijichora katika picha, na mgonjwa akarudi kitandani mzima.

Habari ilitangazwa Munich mwezi wa Septemba mwaka ule, katika mkutano wa mabingwa wa magonjwa ya mkojo, na papo hapo palizuka mzozo wa jina. Von Lichtenberg alikuwa bingwa mkubwa mwenye hospitali, wagonjwa na sauti. Swick alikuwa mgeni asiye na cheo. Wanakemia nao walidai haki yao. Kwa miaka mingi sifa ilimfuata mkubwa, kama ilivyo desturi ya sifa. Swick alirudi New York akafanya kazi yake ya udaktari kimya, na katika miaka ya 1960 ndipo wenzake Wamarekani walipomtunukia nishani kwa jambo alilolifanya akiwa na umri wa miaka 29. Mkubwa naye hakuachwa na dunia. Alikuwa Myahudi, na utawala wa Hitler ulimfanya aihame Ujerumani. Alifariki Mexico mwaka wa 1949. Mwanafunzi wa historia apimaye haki katika mzozo huu atende kwa uangalifu, kwa maana wazo lilikuwa la mmoja, dawa ya wengine, na wagonjwa wa mwingine. Tena wagonjwa wale, ambao mishipa yao ilipokea sindano za kwanza, hawakudai kitu, na mzozo wenyewe haukuwakumbuka.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya kisa kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kinafundisha jambo ambalo mafanikio hayafundishi. Katika miaka ile ile kiwanda kimoja cha Ujerumani kilitoa dawa iitwayo Thorotrast, iliyotengenezwa kwa thoriamu. Uzuri wake ulikuwa wa ajabu. Haikuuma mshipa, haikumtapisha mgonjwa, na kivuli chake kilikuwa cheusi na safi kuliko kingine chochote. Ini, wengu na mishipa ya damu vilionekana kama vilivyochongwa, na aina nyingine ya dawa hiyo ya thoriamu ilitumiwa katika figo. Lakini thoriamu hutoa mionzi yenyewe, na mwili hauna njia ya kuitoa. Hukaa katika ini na wengu mpaka mtu afe. Mapema katika miaka ya 1930 madaktari wa Marekani walionya. Wengine walijibu kwamba hawakuona mgonjwa aliyedhurika, na kwa siku zile walisema kweli. Mwaka wa 1947 ilitangazwa habari ya mgonjwa aliyepata saratani ya ini baada ya dawa hiyo, na wengine wakafuata kwa miongo mingi, baadhi yao miaka 30 au zaidi baada ya sindano moja. Katika miaka ya 1950 dawa iliachwa. Sumu ya bismathi ilijitangaza kwa saa chache. Sumu ya thoriamu ilingoja mpaka daktari aliyeipiga sindano amestaafu. Kwa hiyo kutoonekana kwa madhara leo si ushahidi kwamba madhara hayapo, na picha nzuri kupita kiasi yataka kuulizwa maswali zaidi, si machache.

Wanakemia waliendelea na aidini. Katika miaka ya 1950 walifaulu kufunga atomu tatu za aidini katika molekuli moja, na picha za figo zikawa wazi sana. Lakini dawa hizo zilikuwa chumvi kali; ziliunguza mishipa, na mgonjwa alihisi moto ukimpita mwilini. Dawa bora zaidi ilitokana na kuogelea. Torsten Almén, daktari wa Malmö, Sweden, alitambua kwamba akifumbua macho ndani ya maji ya bahari yenye chumvi nyingi macho humwasha, na katika maji yenye chumvi kidogo hayamwashi. Kila mwana wa pwani yetu apigaye mbizi ajua tofauti hiyo. Almén aliiuliza swali. Ikiwa jicho huumizwa na wingi wa chembe zilizoyeyuka, basi mshipa nao huumizwa vivyo hivyo. Na chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande viwili, hata ikazidisha chembe. Mwaka wa 1969 alichapisha wazo la dawa ya aidini isiyogawanyika, na kampuni moja ya Norway ikaitengeneza. Dawa za aina hiyo ndizo zitumikazo leo kwa wingi hospitalini, nazo zimepunguza maumivu na hatari, ingawa hazikuziondoa kabisa.

Wakati huo huo ilipatikana njia ya kuona isiyohitaji kivuli wala mionzi. Ian Donald, profesa wa magonjwa ya wanawake mjini Glasgow, alijua kwamba wahunzi wa matangi ya mvuke walitumia sauti isiyosikika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka wa 1955 alichukua vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akaenda navyo kiwandani Renfrew, akajaribu mwangwi wake juu ya nyama badala ya chuma. Yeye na wenzake, John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha matokeo yao mwaka wa 1958. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mwangwi ulionyesha kwamba uvimbe wake ulikuwa kifuko cha maji cha ovari. Kikatolewa kwa upasuaji, naye akapona. Yule mama hakunywa bismathi wala hakupigwa sindano ya aidini. Alipakwa mafuta juu ya tumbo, akasikilizwa.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966. Alitaka kujua kwa nini magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa haba vijijini Afrika. Yeye na wenzake waliwamezesha watu punje ndogo za plastiki zinazotupa kivuli, kisha wakapiga eksirei, si tumbo la mtu, bali choo chake kilichokusanywa katika mifuko. Mwaka wa 1972 walitangaza kwamba kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa kadiri ya siku moja na nusu, na kwa mabaharia wa Uingereza kwa siku zaidi ya tatu, wakaihusisha tofauti hiyo na makapi ya chakula. Si kila hitimisho la Burkitt limesimama mpaka leo, lakini njia yake ilikuwa ya adabu: mwili haukupigwa hata chembe moja ya mionzi.

Njia ya pili ni kichocho. Mnyoo wake, uliogunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka wa 1851, hukaa katika mishipa ya damu ya kibofu, na mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu. Mtoto aliyeoga katika maji yenye konokono wa ugonjwa huu hukojoa damu. Miaka ikipita mayai hugeuka chokaa, na hapo kibofu, ambacho kwa kawaida eksirei hukipita bila kukiona, hutupa kivuli chenyewe: mviringo mwembamba mweupe nyongani, ambao madaktari huufananisha na kichwa cha mtoto aliye tumboni. Dawa za ukoo wa ile ya Swick zilionyesha mabaya zaidi, mirija iliyoziba na figo zilizovimba kwa mkojo uliokosa njia. Lakini picha za namna hiyo zilihitaji hospitali, na kichocho hukaa vijijini. Mashine ya mwangwi ndiyo iliyoweza kuwafuata watu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 imechukuliwa katika vijiji vya nchi nyingi za Afrika, Pemba na Tanzania bara zikiwamo, na watoto wakalala juu ya meza ya darasani wakatazamwa kibofu na figo. Ilionekana kwamba baada ya dawa ya praziquantel kuta zilizonenepa za vibofu vyao mara nyingi zilirejea katika hali njema kwa muda wa miezi. Hapo picha ilikuwa ushahidi kwamba tiba imefika.

Tusidhani kwamba deni limekwisha. Mashine ya CT, ambayo iliwapa Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979, huonyesha tumbo na figo kwa uwazi ambao Rieder asingeuota. Lakini picha moja ya tumbo kwa mashine hiyo humpa mtu mionzi kama ile aipatayo kwa miaka kadhaa kutoka ardhini na angani, na mara nyingi huandamana na sindano ya aidini. Deni ni dogo kuliko la fedha na thoriamu, na mara nyingi lastahili kukopwa. Mwenye utumbo uliotoboka asibishane na mionzi. Hata hivyo ni deni, na lina mwenyewe.

Mwenyewe ndiye mgonjwa, na hapa jambo hili lawahusu wasomi wa lugha kadhalika na wasomi wa tiba. St. Martin alitia alama mkataba asioweza kuusoma. Katika vyumba vingi vya eksirei mtu hupewa kikombe akaambiwa kunywa, au hunyoshwa mkono akapigwa sindano, na maelezo ya kinachoingia mwilini mwake yamo katika karatasi ya lugha asiyoijua. Kiswahili chaweza kumweleza. Chaweza kumwambia kwamba uji huu mweupe hauingii damuni, kwamba dawa hii huchujwa na figo na ni lazima aseme kama figo zake ni dhaifu, kwamba mama mwenye mimba aseme kabla ya mionzi, na kwamba mwangwi hauna mionzi. Maneno haya si magumu, nayo ni sehemu ya tiba kama dawa yenyewe. Miaka mia na zaidi imetumika kutafuta vivuli visivyodhuru. Anayeazima mwili wake ili vivuli hivyo vionekane astahili kuambiwa, kwa lugha aielewayo, ni nini kinachoazimwa.